Fundi wa Makochi na Faili Jembamba

Fundi wa makochi alimpoteza daktari wake bila kugombana naye, na hilo ndilo lililomchanganya. Watu wakigombana, kila mmoja anajua pa kuanzia: utaomba radhi, au utamsema mwenzako kwa majirani mpaka roho itulie. Lakini daktari wake wa miaka kumi na mmoja alikuwa mzee wa kusogeza karatasi mpaka puani ili asome, na asubuhi moja hata hapo puani herufi zikakataa. Akafunga kliniki, akahamia kwa binti yake. Kabla ya kuondoka alimkabidhi fundi faili lake lote, nene kama mto wa kochi, akamwambia, "Tafuta mwingine mapema, mwanangu. Wewe si mtu wa kukaa bila daktari."

Rahisi kusema. Mzee alidhani madaktari wanaokotwa njiani.

Mtaani walimwita Mama Springi, jina alilolipata zamani, wakati akipanda na kushuka malori kama paka. Miaka kumi na mitatu iliyopita alianguka kutoka nyuma ya lori akiwa amelishikilia kochi la watu watatu lisikwaruzwe. Kochi lilifika kwa mwenyewe salama salimini. Yeye alivunjika uti wa mgongo, juu huko, katikati ya mabega, na tangu siku hiyo kuanzia kifuani kwenda chini hahisi kitu. Mikono ilibaki, na mdomo ulibaki. Alikata miguu ya meza yake ya kazi ili ilingane na kiti chake cha magurudumu, akarudi kushona. Kama mafundi wote wa makochi, misumari midogo aliiweka mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi, kwa hiyo ukimsalimia akiwa kazini alikujibu kwa nyusi.

Sasa, mwili wake ulikuwa na tabia moja ya ajabu, na asiyeijua hawezi kumtibu. Yeye hahisi chini ya kifua, lakini mwili wenyewe unahisi. Mpira wa kutolea mkojo ukijikunja, kidole cha mguu kikibanwa, taarifa haimfikii kama maumivu. Badala yake kichwa kinaanza kumgonga, uso unamtoka jasho, na presha inapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Hapo halazwi. Anakalishwa wima, kisha anatafutwa adui huko chini, haraka, kwa sababu presha ile ikiachwa inaweza kupasua mshipa wa kichwa. Tena presha yake ya kawaida ni ya chini, tisini kwa sitini, hivyo kipimo ambacho kwa mwingine si cha kutisha, kwake ni moto. Mzee aliyaandika yote hayo kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa pili wa faili, na chini yake akapiga mistari miwili: USIMLAZE.

Fundi aliishi na dada yake, mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kubwa aliyezoea kuwatuliza watoto mia tatu kwa mwiko mmoja. Ndiye aliyesukuma kiti walipoanza kutafuta daktari.

Wa kwanza alikuwa ghorofa ya pili, na jengo halikuwa na lifti. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Walimngoja chini saa mbili nzima na hakushuka, ila alimtuma mtu kuuliza kama mgonjwa anaweza "kujitahidi kidogo." Wa pili alikuwa chini, mlango mpana, kila kitu kizuri, lakini alipoketi alimtazama dada na kumwuliza, "Anaumwa nini?"

"Muulize mwenyewe, yupo hapa," dada alisema.

"Ndiyo, ndiyo. Anakula vizuri?"

"Kiti kinakula vizuri, daktari," fundi akajibu mwenyewe. "Juzi kimekula kidole cha mtoto wa jirani."

Daktari hakucheka. Aliandika barua ya kumpeleka kwa wataalamu wa mgongo. Wataalamu walimpokea baada ya wiki sita, wakampima, wakasema mgongo umetulia, mambo ya kikohozi na mipira ya mkojo na presha ni ya daktari wake wa kawaida. "Daktari gani wa kawaida?" fundi aliuliza. "Huyo aliyekuleta," walimjibu. Akarudi kwa aliyemleta, naye akasema mambo hayo ni ya wataalamu. Fundi alikaa nje kwenye kibaraza, barua mbili mapajani, kila moja inamsukuma kwa mwenzake, asijue aende wapi. Alikuwa na hasira, lakini hata hasira yenyewe hakujua amwelekezee nani, maana wote walikuwa na adabu.

Wa tatu alilipokea lile faili nene kwa mikono miwili. Akafungua, akasoma kidogo, akafungua tena, akatazama saa ya ukutani. Ghafla akakumbuka kwamba orodha yake ya wagonjwa imejaa.

"Unajua shida ni nini?" dada alisema wakirudi nyumbani. "Faili. Linawatisha. Mchumba haonyeshwi ukoo mzima siku ya kwanza, mdogo wangu. Anaonyeshwa sebule. Wajomba walevi atawajua akishaoa."

Walicheka mpaka kiti kikayumba. Na jioni hiyo, kwa mikono yao wenyewe, watu wazima wawili wenye akili timamu, walikaa mezani wakalipunguza faili. Waliacha karatasi ya chanjo, kipimo cha damu, na barua fupi ya wataalamu iliyosema mgongo umetulia. Mengine yote, na ukurasa wa wino mwekundu ukiwemo, yaliingia kwenye droo ya vitambaa. Fundi aliuliza mara moja, "Na huu wa USIMLAZE?" Dada akasema, "Huo ndio wa kwanza kutisha. Tutamwambia akishatuzoea." Fundi hakuwa na uhakika, lakini alikuwa amechoka.

Daktari wa nne alikuwa mpya mtaani, kijana mwembamba aliyefungua kliniki pembeni ya duka la dawa. Hakuna ngazi. Alimsalimia fundi kwanza, kisha dada. Akatazama faili, akasema, "Ajali?"

"Nilianguka."

"Pole sana, mama. Zamani?"

"Zamani."

"Basi karibu. Tutakuwa pamoja."

Fundi alitoka nje akiwa karibu kulia kwa furaha. Miezi tisa bila daktari, na sasa mtu amesema tutakuwa pamoja! Usiku huo alilala usingizi mzito.

Lakini uongo mdogo una shida: unataka kulishwa kila siku. Miezi mitano daktari alimtibu kikohozi, akamwandikia mipira ya mkojo, na kila alipouliza swali fundi alijikuta anatafuta kwanza alijibu nini mara ya mwisho. Je, nilimwambia nahisi tumbo, au nilisema sihisi? Daktari aliuliza, "Miguu inakuuma?" naye akasema, "Kidogo tu." Kwa nini alisema hivyo? Hakujua. Aliulizwa kwa upole, akaona vibaya kukataa. Nyumbani alimwuliza dada, "Hivi kwa yule daktari mimi naumwa wapi?" Dada akaanza kuhesabu kwa vidole, akachanganyikiwa naye. Ilifika mahali fundi alikuwa na miili miwili, mmoja wake na mmoja wa kliniki, na ule wa kliniki ulikuwa na afya kuliko huu.

"Tumwambie sasa," alisema.

"Mwezi ujao," dada alisema. "Ndiyo kwanza ametuzoea."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na wote wawili walilijua neno hilo tangu utotoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Fundi alikuwa anamalizia kiti cha mteja, misumari mdomoni, dada akimpigia kelele kutoka mlangoni kwamba wanachelewa. Walikwenda kliniki kuchukua karatasi ya mipira, basi. Kwenye benchi la kungojea kichwa kilianza kumgonga. Alidhani ni jua. Walipoitwa ndani jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na shingo imewiva wekundu.

"Mama, vipi?" daktari aliuliza.

"Kichwa."

Nesi, mama mmoja mnene wa mwendo wa polepole, alimfunga mashine ya presha. Mia na sitini. Daktari alikunja uso, si sana. "Imepanda kidogo. Umechoka, na joto hili. Tukulaze upumzike, nikupe kidonge."

"Usinilaze," fundi alisema.

"Dakika tano tu."

"Usinilaze, daktari."

"Mama, ndani ya dakika tano utajisikia vizuri," daktari alisema kwa sauti ile ya kubembelezea watoto, na yeye na nesi wakambeba, wakamlaza chali. Kichwa kilipogusa mto, fundi alihisi kama mtu anakipigilia misumari kwa ndani. Taa ya dari ikawa mbili, kisha ikawa ukungu.

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo la kumshangaza mtu yeyote. Fundi alijua kabisa kinachomtokea. Alijua dawa yake. Alichotakiwa ni kusema sentensi tatu. Lakini akili ilikuwa inazunguka: nikisema, atajua tumemdanganya, akijua, atatufukuza, akitufukuza, twende wapi? Hivyo alilala pale anakufa huku akihofia kufukuzwa na mtu ambaye angemwacha afe. Akageuza macho kwa dada. Dada amesimama ukutani, mkoba kaukumbatia, midomo inatikisika bila sauti. Yule wa kutuliza watoto mia tatu.

"Mia na tisini," nesi alisema. Sasa sauti yake ilibadilika.

"Anapanda huku amelala?" daktari aliuliza, na hakuwa anamwuliza yeyote. "Mbona anapanda?"

"Mkalisheni!" dada alipiga ukelele. "Mkalisheni, mtamuua! Kuna kitu kinamuumiza chini, yeye hahisi, hahisi kitu chochote, tulikudanganya! Mkalisheni!"

 Daktari akamshika fundi mabega, akamwinua wima, akamwegemeza kifuani kwake mwenyewe. "Kitu gani? Wapi?"

"Mpira wa mkojo kwanza," fundi alisema kwa shida. "Umejikunja."

Dada aliufuata mpira kwa vidole. Ulikuwa umenyooka, mkojo unapita. Viatu vikavuliwa, vidole vizima. Mkanda wa gauni ukafunguliwa. Hakuna. Fundi alizidi kuchanganyikiwa, maana kama si mpira na si kiatu, hakujua tena pa kuwaelekeza. Aliwaambia wapapase popote, kila mahali, kama wanatafuta funguo gizani.

Nesi ndiye aliyeupata. Aliingiza mkono chini ya paja la kulia, akautoa haraka na kusema, "Uwii!" Kisha akachomoa kutoka kwenye gauni, na kutoka kwenye nyama, msumari mdogo wa kochi. Ulikuwa umemdondoka mdomoni asubuhi ile alipokuwa anamjibu dada kwamba anakuja. Alikuwa ameukalia kwa saa mbili.

Mashine ikasoma mia na hamsini. Baadaye kidogo mia na ishirini. Kichwa kikaanza kumtulia. Daktari aliendelea kumshikilia hata alipokuwa hahitaji tena kushikiliwa, na fundi alihisi moyo wa kijana yule unavyokimbia mgongoni mwake, sehemu ya juu, ile inayohisi.

"Mlinificha," daktari alisema mwishowe.

"Kidogo tu, daktari," dada alisema.

"Kidogo? Ningemuua. Hapa hapa, kwa mikono yangu, na ningeandika amekufa kwa presha." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nendeni nyumbani. Alhamisi mrudi na karatasi zote. Zote."

Siku tatu fundi hakushona. Alhamisi mrudi: je, ni kuitwa au ni kufukuzwa? Kama anataka kutufukuza, karatasi za nini? Kama hataki, mbona hakutuaga? Dada alisema ameitwa kwa hasira. Fundi alisema hasira na kuitwa haviendi pamoja. Dada akasema, "Mimi nimeitwa kwa hasira maisha yangu yote." Jumatano fundi aliandaa maneno ya kuomba msamaha, akayasahau, akaandaa mengine. Kitu kimoja tu kilikuwa wazi kwake: alimtaka daktari huyu, hata baada ya kulazwa chali, na hakuweza kueleza kwa nini.

Alhamisi walilipeleka faili lote. Daktari alifunga mlango, watu wakiwa wamejaa kwenye benchi, akasoma. Alisoma ukurasa wa pili mara tatu. Nesi alichungulia mara mbili akafukuzwa kwa mkono.

"Sijui mambo haya," daktari alisema alipomaliza. "Nikuambie ukweli. Chuoni tuliyasoma siku moja, tena karibu na mtihani wa kitu kingine. Siku ile mlipokuja mara ya kwanza nilishukuru faili lenu ni jembamba. Nilisema moyoni, afadhali, huyu si wa wale wagumu. Niliona maswali yapo, nikaacha kuyauliza."

Fundi hakujua la kufanya na maneno haya. Alikuja kuungama, na sasa ameungamiwa yeye. Mzee wake alijua kila kitu. Huyu anasema hajui. Mtu mwenye akili angekusanya karatasi zake na kwenda kumtafuta anayejua. Lakini wale waliojua walikuwa wapi, miezi tisa yote ile?

"Hapa kuna jambo," daktari alisema, akifuata maandishi yake mwenyewe kwa kidole. "Mwezi wa pili uliniambia miguu inauma kidogo."

"Uliniuliza vizuri, nikaona aibu kukunyima."

Dada alicheka, akajiziba mdomo. Daktari alitabasamu nusu, kisha akawa makini tena. "Naomba nianze upya. Nataka nijue mwenyewe unahisi mpaka wapi, nisisome kwenye karatasi ya mtu. Utaruhusu?"

Nesi aliitwa. Walimsogeza fundi mezani, akaegemea mbele juu ya mikono yake, wakamfungua gauni mgongoni. Kwenye kliniki hii hakuna aliyewahi kumwona mgongo. Kikohozi chake chote kilisikilizwa juu ya nguo.

"Nitakugusa kwa ncha ya kalamu," daktari alisema nyuma yake. "Kila ukihisi, sema ndiyo. Usinipe zawadi."

"Sikupi."

Kalamu iligusa bega. "Ndiyo," alisema. Bega la pili. "Ndiyo." Chini ya shingo. "Ndiyo." Katikati ya mabega, kwa mbali, kama mguso wa mtu aliye chumba cha pili. "Ndiyo, nadhani."

Kisha daktari akanyamaza. Fundi alisubiri. Alidhani anaandika. Alisikia saa ya ukutani na kikohozi cha mtu kwenye benchi nje, na akaanza kuogopa kwamba jambo fulani limeonekana, au kijana amebadilisha mawazo na anatafuta namna ya kumwambia. 

"Daktari," alisema, "mimi niko tayari. Endelea."

Aligeuza shingo kadiri alivyoweza, akamwona dada analia.

"Nimeendelea, mama," daktari alisema. Sauti ilitoka chini, karibu na sakafu. Alikuwa amepiga magoti. "Nimefika kiunoni. Nimekugusa mara kumi na nne."

Fundi aliirudisha shingo yake, akaiweka juu ya mikono. Hakujua kama anatakiwa kufarijiwa au afariji, maana chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kwa ajili yake na yeye ndiye pekee aliyekuwa hajashtuka. Miaka kumi na mitatu amekaa na mwili huu. Wao wameuona leo.

"Ile ndiyo yangu ya mwisho," alisema, "weka alama hapo. Kutoka hapo kwenda chini usiniulize mimi. Sijui. Uangalie mwenyewe."

Daktari alichora mstari mfupi kwa kalamu. Kisha akamwambia nesi awashe taa nyingine, akavuta kigoda, akaanza kuangalia.